Kibanda, Kilindo au Sitara?

Kwenye miteremko ya Burgundy, mashariki ya Ufaransa, mwezi Machi unapoingia mizabibu haina hata jani. Imepogolewa majira yote ya baridi, na kila shina limebakiwa na fimbo moja au mbili zilizoinamishwa na kufungwa kwenye waya. Huo ndio wakati vijumba vya mawe vya wakulima wa zamani vinapoonekana hata kutoka barabarani. Vimejikunyata katikati ya mistari, vingine vya mviringo, vingine vya pembe nne, mlango mmoja, dirisha hakuna. Wenyewe huviita cabotte. Nimekuwa nikivitafutia jina la Kiswahili, na kila jina ninaloliokota linakuja na jamaa zake wote.

Kibanda ndilo la kwanza kuja mdomoni. Mtafsiri aliyechoka ataliandika na kuendelea na safari yake. Lakini kibanda cha leo kina msongamano: kuna kibanda cha chipsi, kibanda cha kuku, kibanda cha mlinzi getini, kibanda cha wakala wa fedha za simu. Vyote ni vya muda. Leo kimeinuliwa kwa mabati na mbao, kesho mgambo wa manispaa wamekibomoa. Ukiandika "kibanda cha mawe", neno la kwanza linabomoa kile ambacho la pili linajenga.

Kijumba nimelitumia hapo juu kwa sababu lazima mtu aanzie mahali. Linataja ukubwa, kisha linanyamaza.

Kilindo lina haki ya kusikilizwa. Limetoka katika kulinda, na watafsiri wa Biblia ya Union Version walilipa kazi nzuri katika sura ya kwanza ya Isaya: kwenye shamba la mizabibu waliweka kibanda, kwenye shamba la matango wakaweka kilindo. Kilindo ni cha mtu anayeshinda na kukesha akipigana na ngedere, nguruwe na wezi. Ndugu zake ni dungu na ulingo, vyote vya kupanda juu ili uone mbali. Ulingo siku hizi umehamia kwenye ngumi na siasa, na dungu limebaki kwa wazee wa mashamba ya mpunga. Kule La Rioja, Hispania, kuna vijumba vya mawe viitwavyo guardaviñas, yaani walinda mizabibu. Humo alikaa mlinzi zabibu zilipokaribia kuiva. Hicho ni kilindo, bila ubishi. Lakini cabotte ya mwezi Machi inalinda nini? Hakuna hata kichala cha kuibwa. Anayelindwa pale ni mkulima mwenyewe.

Basi tuanze na kitenzi, tuache nomino kwanza. Mtu akishikwa na mvua shambani anafanya nini? Anajikinga, anajibanza, anajisitiri.

Kinga limeshaondoka zamani. Limekwenda hospitalini na chanjo, likarudi mahakamani na kinga ya viongozi. Ukilirudisha shambani litauliza posho. Kujibanza ni kitenzi kitamu, kina picha ya mtu aliyebana mgongo ukutani huku matone yakimpiga vidole vya miguu. Ila ukikitengenezea nomino unapata kibanzo, na msomaji atasikia kibanzi kile cha jichoni.

Kimebaki kusitiri. Mzizi wake ni wa Kiarabu, wa kufunika, na Kiswahili kimeufanyia kazi nyingi. Nguo ni sitara. Marehemu husitiriwa. Anayetafuta choo kwa adabu huuliza mahali pa kujisitiri, na hapo ndipo utani utakapoanzia, najua. Hata hivyo nalichagua sitara, tena kwa sababu ya mizigo yake hiyo. Katika kila matumizi kuna mtu aliye wazi, aliyekosa kitu cha kumfunika, na kuna kitu kinachomfanyia hisani. Cabotte haikujengwa ili mtu aishi. Ilijengwa ili aliyeacha nyumba yake mbali bondeni asifedheheshwe na mvua. Ale mkate wake pakavu, aweke jembe, na akikutwa na mvua ya mawe apate pa kuingiza kichwa. Angalia na hilo pia: mtu anaikimbia mvua ya mawe, anaingia sitara ya mawe. Kiswahili kimeutunga utani huo peke yake, Wafaransa hawanao.

Sitara ya mawe, basi, iwe jina la ukoo. Majina ya nyumbani tuyaazime kwa tahajia yetu: kabote ya Burgundy, kadole ya Mâcon na Les Riceys, kapitele ya Nîmes, bori la Provence, trulo la Puglia kule Italia, kazuni ya Istria kule Kroatia. Wavuta kiko watacheka, kwa kuwa bori kwao ni kile kikombe kinachotiwa tumbaku. Na Waitaliano, ambao husema trullo moja na trulli nyingi, watatuvumilia tukisema trulo hili na matrulo haya. Alberobello, mji wa matrulo, uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996. Ni nyumba za watu zile, si sitara, lakini mashambani kuzunguka mji huo kuna matrulo madogo ya wakulima ambayo kazi yake ni ileile ya kabote.

Sasa mawe yenyewe. Mwaka 2018 UNESCO iliingiza ufundi wa kujenga kwa mawe bila chokaa wala saruji katika orodha ya urithi wa kiutamaduni usioshikika, kwa ombi la nchi nane: Ufaransa, Italia, Hispania, Uswisi, Slovenia, Kroatia, Ugiriki na Kupro. Wafaransa huuita ufundi wa jiwe kavu. Nilipoanza kulipima neno hilo nilikuwa tayari kulikataa. Jiwe kavu ni jiwe lililoanikwa? Kuna jiwe bichi?

Nikakumbuka chai kavu. Nikakumbuka wali mkavu na asante kavu. Chai kavu haijaanikwa. Ni chai iliyoletwa bila kitafunwa. Wali mkavu umekosa mchuzi, na asante kavu imekosa kitu mkononi. Kiswahili kimekuwa na maana hii ya ukavu kwa muda mrefu, maana ya kitu kilichokuja bila mwenzake. Na mwenzake jiwe, kwetu sisi watu wa pwani tulioishi na matumbawe na tanuri za chokaa, ni chokaa. Kwa hiyo mawe makavu, ukuta mkavu, uashi mkavu: yote yanakubalika, na hatuna deni kwa Mfaransa.

Uashi, hata hivyo, lina historia kidogo ya kuangaliwa. Kamusi za zamani zina kitenzi kuaka, kujenga kwa mawe na chokaa, nacho ndicho kilichotuzalia mwashi. Mwashi yu hai, kuaka kumekufa. Ukisema uashi mkavu unamwambia mtoto afanye kazi bila mali ya baba yake, na ndivyo ilivyo hasa. Niliwahi kupenda pia ukuta wa kupanga, kwa kuwa mawe yale hupangwa tu, moja likalishwa juu ya jingine. Lakini nyumba ya kupanga imeshachukuliwa na wenye nyumba na kodi zao za miezi sita.

Paa ndilo linalonipa taabu tamu zaidi. Ingia ndani ya kabote ya mviringo, uiname sana mlangoni, kisha inua macho. Hakuna boriti hata moja. Kila duara la mawe limechomoza ndani kidogo kuliko lililo chini yake, vidole vichache tu, na juu yake jingine, na jingine, mpaka mwanya unabaki mdogo kiasi cha kuzibwa na jiwe moja bapa. Kila jiwe limelazwa likielekea nje kidogo ili maji ya mvua yateremke upande wa nje. Uzito wa nyuma ya jiwe ndio unaoshikilia ncha yake ya mbele isianguke. Wataalamu wa Ulaya huliita umbo hili kuba la uongo, kwa kuwa kuba la kweli, kwao, ni lile ambalo mawe yake yamechongwa kama kabari na kubanana kuelekea katikati.

Kuba la uongo! Limesimama miaka na miaka, limepita theluji na radi, halafu linaitwa mwongo. Tafadhali tusilitafsiri hilo, wala tusilipambe kwa kuliita kuba bandia, likafanana na noti. Kiswahili kina kupandana, hali ya vitu kukaliana kingo, kama vigae vinavyopandana. Kuba la mapandano linaeleza linavyofanya kazi, na fundi aliyesikia jina hilo tu anaweza kujaribu kulijenga.

Ndani ya sitara hatuhitaji kubuni chochote. Lile tundu la mraba lililoachwa ukutani, la kuwekea chupa, taa au mkasi, ni kidaka, kilekile kinachopanga safu katika nyumba za kale za Lamu, ingawa cha Lamu kimenakshiwa kwa lipu na cha Burgundy kimeachwa kama kilivyo. Benchi la mawe lililoshikana na ukuta ni baraza. Najua baraza letu hukaa nje, kuelekea njiani, na hili limo ndani. Lakini ni jiwe la kukalia watu wawili watatu wakisubiri jambo lipite, na huko ndiko neno lilikotoka kabla halijawa mkutano, kisha halmashauri, kisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Jiwe refu lililolazwa juu ya mlango mafundi wetu wataliita lenta bila kupepesa macho. Wapo watakaotaka kizingiti cha juu. Mimi niko upande wa mafundi.

Mawe hayakununuliwa. Yalitolewa shambani kwa mkono, kwa vizazi, kila jembe lilipogonga. Yaliyozidi yalirundikwa pembeni, na Waburgundy wana jina maalumu la rundo hilo, murger, ambalo limeingia hata kwenye majina ya mashamba: huko Saint-Aubin kuna shamba maarufu liitwalo Les Murgers des Dents de Chien. Rundo ni la kitu chochote. Chungu ni la mchanga, tena linagombana na chungu cha kupikia. Wakulima wetu wana biwi, lile fungu la magugu na takataka linalokusanywa mtu anapolima. Kwa nini lisiwe pia biwi la mawe? Asili yake ni ileile: kile kilichoondolewa ili mmea upate nafasi. Na mwezi Machi matawi yaliyopogolewa huchomwa palepale kati ya mistari, kwenye toroli la chuma lililotobolewa. Hayo nayo ni biwi, biwi linalotembea.

Vipande vya shamba huko vina jina la ajabu: climat. Katika Kifaransa cha kawaida neno hilo ni hali ya hewa, lakini kwa Mburgundy ni kipande cha ardhi chenye mipaka, jina na ladha yake. Vipande hivyo viliingia katika urithi wa dunia mwaka 2015, na naogopa siku mtu atakapovitafsiri kuwa tabianchi za Burgundy. Neno tunalo, ni kitalu. Wengi wanalijua kwa miche, na wengine kwa vitalu vya uwindaji na vya madini, yaani eneo lililopimwa na kupewa mwenyewe. Kamusi za zamani, hata hivyo, zinakipa kitalu maana ya ua wa mawe. Burgundy ina vyote viwili. Clos de Vougeot ni kipande cha mizabibu kilichozungushiwa ukuta wa mawe na watawa wa Cîteaux. Ni kitalu kwa maana ya kale na ni kitalu kwa maana mpya, na sijaona neno jingine la Kiswahili linaloweza kukaa pale bila kujipindapinda.

Ukongwe nao uchaguliwe kwa uangalifu. Kuukuu ni kitu kilichochakaa kwa kutumika: shati, kiatu, redio. Gofu limepoteza paa, kama majengo ya Kilwa Kisiwani au Gedi. Kabote iliyosimama si gofu. Ni kongwe, kwa heshima ileile tunayoupa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Lakini kusini, karibu na Nîmes, mambo ni mengine. Mdudu filoksera, aliyegunduliwa kuharibu mizabibu ya jimbo la Gard katika miaka ya 1860, aliua mashamba mengi, na mengine hayakupandwa tena. Vichaka vikarudi. Kapitele nyingi leo zimo porini, paa zima, mlango mzima, shamba hakuna. Hapo ndipo mahame linapofaa, neno la mahali palipohamwa, ambalo halisemi kitu kuhusu kuta. Kuta zinaweza kuwa salama. Waliohama ni watu.

Nikipita haraka kwenye mmea wenyewe: zabibu tulilipokea kwa Waarabu, na kwao zabibu ni zile zilizokaushwa; mbichi ina jina jingine. Kwa hiyo tunaposema zabibu kavu, Mwarabu anasikia kavu mara mbili. Sababu si ngumu kukisia: katika jahazi tunda lililokauka husafiri vizuri kuliko bichi. Divai tuliichukua kwa Wafaransa pamoja na kiambishi chao, du vin, na mvinyo ni wa Wareno. Kinywaji kimoja, bandari mbili. Dodoma wamekwenda zao: majimaji ya zabibu zilizokamuliwa, yanayouzwa kwa viwanda, wao wanayaita mchuzi wa zabibu. Nalipenda neno hilo kuliko yote matatu, maana limetoka jikoni.

Dodoma hiyohiyo ndiyo inayotukwamisha kwenye majira. Kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mzabibu haulali, anayeuamsha ni mkulima na mkasi wake. Burgundy unalala tangu Novemba, na kinachouamsha ni udongo unaoanza kupata joto. Majira hayo tuyaiteje? Masika wengi huyaandika, kwa kuwa miezi inakaribiana, lakini masika ni mvua, na mtu wa Tanga akisikia masika anatafuta mwavuli. Watafsiri wa Wimbo Ulio Bora waliita baridi iliyopita kaskazi. Kwa mtu wa pwani kaskazi ni upepo wa joto la Desemba hadi Machi, hivyo msomaji wa Mombasa anashangilia kupita kwa kitu tofauti kabisa. Kamusi hupendekeza majira ya kuchipua. Nakubali, ila nayakata yawe machipuko. Faida yake ni kwamba linafaa hata Dodoma, ambako hakuna majira hayo lakini machipuko yapo, kila mkasi unapopita.

Kabla ya machipuko kuna siku chache ambazo kila jeraha la mkasi linadondosha maji. Tone safi, lisilo na rangi, linaning'inia kwenye ncha ya fimbo, linakua, linaanguka, linafuatwa na jingine. Wafaransa husema mzabibu unalia. Utomvu halifai hapa. Utomvu hunata vidole, na haya ni maji matupu yanayopanda kutoka mizizini. Chozi la mzabibu lipite tu bila kupingwa. Wagema wa minazi wanaweza kudai kutona, na wana hoja, lakini wao hukinga kibuyu. Hapa hakuna anayekinga kitu.

Kisha macho. Wataalamu wetu wa kilimo huita jicho ile sehemu ya tawi inayongoja kuchipua, na wakulima wa Burgundy nao wanaiita jicho, kwa lugha yao. Wanapotaka kusema limefunguka, wao hutaja kutoka kwa pamba, ule ufumwele mlaini uliolifunika jicho wakati wa baridi. Sisi tuna kufumbua. Mzabibu umefumbua macho. Sentensi hiyo haihitaji maelezo wala kamati.

Linabaki neno la hofu. Jicho likishafumbuka, usiku mmoja wa baridi kali mwezi Aprili unatosha kulimaliza. Mwaka 2021, mapema Aprili, maeneo mengi ya Ufaransa yalipata pigo hilo. Wakulima wetu wa nyanda za juu kusini husema barafu, na barafu hiyo hiyo inauzwa kwa kipande sokoni pamoja na samaki. Kamusi zina sakitu na jalidi. Sakitu lina sauti ya kitu kinachoanguka kwa kishindo, ilhali huu ni utando mweupe usio na sauti. Jalidi, basi, na nimelisikia likisemwa kwa urahisi na vijana wa hali ya hewa.

Usiku kama huo kule Chablis, Burgundy hiyohiyo, mkulima huwasha makopo makubwa ya nta kati ya mistari, mamia kwa hekta. Wenyewe husema mishumaa, nami nimekataa, kwa kuwa mshumaa wangu ni wa mezani umeme ukikatika. Nimelirudia neno kuota. Mmea huota, na mtu aliyepigwa na baridi huota moto. Mzabibu wa Aprili unafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kopo hilo lingeweza kuitwa kioteo, lakini kuotea kumetekwa na waamuzi wa mpira. Kiotesho, je? Kinaotesha kwa maana zote mbili. Wenye neno bora walilete, ila waje wakijua kwamba hili sitaliachia kirahisi.